Mataa Niliyaona, Baiskeli Sikuiona

Jioni moja ya Novemba, hapa Mombasa, nilikuwa natoka Marikiti kwenda Majengo kwa baiskeli, maembe sita kwenye mfuko uliofungwa usukanini na taa mpya mbele. Taa ile ilikuwa kali hata nikajiona nimepanda pikipiki. Adhana ya Magharibi ilikuwa imeshapita. Pale Mwembe Tayari maduka yalikuwa yamewasha balbu, mabasi ya bara yamejipanga kando ya barabara yakinguruma, mataa yao yakimulika migongo ya mahamali, na mimi nanyonga zangu taratibu, najiambia leo nimejitengeneza. Gari dogo lililoegeshwa kushoto likafungua mlango wa dereva. Sikupata hata nafasi ya kushika breki. Kiwiko kilichubuka, gurudumu la mbele likapinda, na maembe yakabingirika hadi chini ya basi, ambako sikuthubutu kuyafuata.

Yule dereva alikuwa muungwana. Aliniinua, akanipangusa vumbi, akaniomba radhi mara tatu. Kisha akasema: "Wallahi ndugu yangu, kioo nilitazama. Mataa niliyaona, baiskeli sikuiona."

Nilikasirika, kwa sababu nilidhani ananidanganya. Baadaye nilipotulia nikaona hakudanganya hata kidogo. Tukizungumzia baiskeli na usiku, huwa tunalilaumu giza: barabara haina taa, kesho wataweka taa, mambo yatakuwa sawa. Mwembe Tayari hakuna giza la kulaumiwa. Kuna balbu za wauza matunda, taa za matatu, za tuktuk, za bodaboda, mabango ya maduka, na hayo mabasi yenye urembo wa taa za rangi kama bwana harusi. Dereva akitupa jicho kiooni anaona mataa hamsini, na yako ni moja, ndogo, isiyomwambia kwamba nyuma yake kuna mtu mwenye mbavu. Kwa hivyo ushauri wangu mwingi humu ndani hauhusu kununua taa kali zaidi. Mimi nilikuwa nayo.

Nianze na saa, maana hapo ndipo wengi tunapolaghaiwa. Sisi tuko nyuzi nne tu kusini ya ikweta, na jua la kwetu halina desturi ya kuaga polepole. Likishazama, baada ya kama dakika 20 hivi usiku umeingia. Watu hudhani jua la Mombasa huzama saa ile ile mwaka mzima, na si kweli. Mwanzoni mwa Novemba huzama kama saa 12:12 jioni. Katikati ya Februari huchelewa hadi kama saa 12:43. Nusu saa hiyo ni kubwa kwa mtu anayefunga kazi saa kumi na mbili na nusu. Mwezi wa Februari anafika nyumbani na mwanga wa kutosha kufungulia kufuli. Novemba, saa ile ile, njia ile ile, baiskeli ile ile, anaendesha ndani ya utusitusi na hajabadilisha chochote, kwa sababu kwa hesabu yake yeye "bado ni mapema". Mimi mwenyewe nilianguka Novemba.

Jicho nalo lina uvivu wake. Kuzoea giza sawasawa huchukua dakika 20 hadi 30, na kila taa kali inayokupiga usoni hukurudisha nyuma. Maana yake ni kwamba wakati wa Magharibi hakuna mtu barabarani anayeona vizuri: wewe, dereva, wala yule mama anayevuka na mtoto mkononi. Usisubiri mpaka wewe ushindwe kuona ndipo uwashe. Kipimo changu mimi ni kunguru. Wale kunguru wetu wasio na haya wakianza kurudi mitini kwa makelele yao, jua likiwa bado liko juu ya mapaa, mimi nawasha taa. Alfajiri mambo ni hayo hayo kinyumenyume: watu wa maziwa, wa mikate na wa samaki huzima taa mara waonapo weupe angani, na weupe wa angani haujafika chini barabarani.

Na kuna hatari ya mwanga mwingi kupita kiasi. Barabara ya Jomo Kenyatta kutoka Mwembe Tayari kwenda Makupa inaelekea kaskazini-magharibi. Miezi ya Juni na Julai, jua likiwa limesogea upande wa kaskazini, dereva anayekwenda Makupa saa kumi na mbili kasorobo analo karibu usoni mwake, kioo cha mbele kina vumbi la siku nzima, na wewe uko mbele yake kama kivuli kati ya vivuli. Ukiona kivuli chako mwenyewe kimelala kirefu nyuma yako, jua kwamba anayekuja nyuma yako huenda hakuoni. Hapo taa nyekundu ya nyuma inafaa kuwaka hata kama ni mchana.

Lile gurudumu lililopinda nililipeleka kwa fundi mmoja nyuma ya soko, mzee aliyezeeka na baiskeli tangu zama za Raleigh nyeusi za chuma. Akalizungusha, akatikisa kichwa, akaanza kukaza spoki moja moja. Kisha akaitazama taa yangu.

"Hii umenunua pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akacheka.

"Hii ni ya kuonea, mwanangu. Ya kuonekana iko wapi?"

Nikamwonyesha reflekta ya nyuma, ile ndogo iliyokuja na baiskeli, chini ya kiti. Hakusema kitu. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye kopo la mafuta ya taa, akaisugua. Tope jeusi likatoka, kisha jingine.

"Ilikuwa rangi gani hii?"

"Nyekundu, ami."

Akasugua tena, akainua baiskeli nione. "Haya. Sasa ndiyo nyekundu."

Nasaha yake nimeipanua kwa kusoma na kwa kujaribu, na nikipanga kwa umuhimu naweka hivi: kwanza mgongo, kisha miguu, kisha mbele. Ya mbele wewe mwenyewe unayaona na unaweza kuyakwepa. Anayekutokea nyuma ndiye unayemtegemea akuone, na huna macho kisogoni.

Nyuma basi kuwe na taa nyekundu na reflekta nyekundu, vyote viwili, si kimoja badala ya kingine. Taa inaweza kuzimika bila wewe kujua. Reflekta haina betri wala swichi, inarudisha mwanga wa gari kule kule ulikotoka maadamu ni safi na imetazama nyuma moja kwa moja. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani unaitaka baiskeli iwe na breki, kengele, reflekta nyekundu nyuma, na iweze kutoa mwanga mwekundu nyuma na mweupe au wa manjano mbele. Rangi hizo zina maana. Mwenye gari akiona nyeupe anajua kitu kinamjia. Akiona nyekundu anajua kinamtangulia. Vijana wetu siku hizi wanafunga taa za buluu kwenye spoki, nyekundu mbele, kijani nyuma. Inapendeza, sikatai, lakini dereva anabaki kujiuliza kama unakuja au unakwenda, na wakati anajiuliza ameshakufikia.

Iwake bila kupepesa au ipepese? Watu hubishania hili. Taa inayopepesa huvuta jicho haraka. Isiyopepesa humsaidia dereva kukisia umbali. Kwenye barabara iliyotulia, yenye giza, mimi hutumia isiyopepesa. Mwembe Tayari, ambako kila kitu kinapepesa, kuanzia mabango mpaka mabasi, taa ya kupepesa inaingia kwenye ngoma ile na kupotea. Mwenye uwezo wa taa mbili nyuma, moja aiache iwake tu na nyingine ipepese, ya pili aifunge kwenye helmeti au mgongoni ili isiwe mstari mmoja na ya kwanza.

Sasa hapa kuna kosa ambalo naliona kila siku, hata kwa watu wazoefu. Taa ya nyuma imefungwa chini ya kiti, nzuri, inafanya kazi. Kisha mwenyewe anafunga gunia la viazi kwenye kerieri. Au kreti ya mikate. Au jerikeni mbili zikining'inia huku na huku. Taa inawaka kwa bidii, inamulika gunia. Kama baiskeli yako ni ya kubebea mizigo, taa na reflekta zihamishie mahali ambapo mzigo haufiki: ncha ya nyuma ya kerieri, au kwenye madigadi, au ufunge taa ya klipu kwenye mzigo wenyewe kila unapopakia. Ukimaliza kufunga kamba, zunguka nyuma, rudi hatua kumi, tazama.

Ya mbele iiname kidogo iangukie barabarani hatua nane hivi mbele yako, ikuonyeshe shimo na mfuniko wa mtaro ulioibiwa. Ukiinua juu kama nilivyofanya mimi, unampofusha mwenzako anayekuja na shimo hulioni. Simu si taa ya baiskeli. Najua ile simu ndogo ya tochi tumeipa jina la mulika mwizi, na najua wapo wanaoishika kwa meno huku wanaendesha. Kwa meno! Ukiingia kwenye shimo utameza simu au utameza meno.

Wenye dinamo za zamani, zile zinazosugua tairi na kuimba, wakumbuke kwamba ukisimama taa inazima. Unasimama katikati ya barabara kungoja upenyo wa kukata kulia, yaani ndipo unapohitaji sana kuonekana, na taa inakufa. Dinamo ni kitu kizuri, haina gharama ya betri, lakini uisaidie kwa taa ndogo ya betri nyuma. Na taa yoyote, ya bei ghali au rahisi, hewa yetu ya chumvi itaila. Kutu ya kijani huota kwenye visahani vya betri na taa inaanza kuwaka ikitaka. Ifungue kila baada ya wiki mbili, sugua visahani kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya mgando kidogo tu. Zile za kuchaji, chaji pamoja na simu yako usiku; hakuna anayesahau kuchaji simu.

Nilisema miguu. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, na ni rahisi kuliko yote.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Australia ambapo madereva walipitishwa usiku kwenye barabara ya majaribio iliyofungwa, wakaambiwa waseme kila wanapoona mwendesha baiskeli. Waendeshaji waliovaa nguo nyeusi walitambuliwa na madereva 2 tu kwa 100. Waliovaa fulana ya rangi kali ya kung'aa, ile ya kijani-manjano, 15 kwa 100. Fulana yenye mikanda ya reflekta ikafikisha 50. Lakini walipoongezwa vipande vya reflekta kwenye vifundo vya miguu na magotini, wakafika 90 kwa 100.

Sababu ni kwamba akili ya binadamu inajua mwendo wa binadamu. Nukta mbili zinazopanda na kushuka, moja juu nyingine chini, hazifanani na balbu ya duka wala taa ya tuktuk. Hakuna kitu kingine barabarani kinachotembea hivyo. Dereva hajui hata amejuaje, ameshajua kuna mtu ananyonga baiskeli. Ndiyo ile lugha ambayo taa yangu kali ilishindwa kumwambia yule bwana wa mlango.

Kwa hivyo kabla ya kununua taa ya pili, nenda maduka ya spea za malori ukanunue utepe wa reflekta, ule unaobandikwa ubavuni mwa malori, wanakukatia hata kipande. Bandika nyuma ya pedeli zote mbili. Bandika kwenye mikono ya pedeli, vile vyuma vinavyozunguka. Kipande kirefu kwenye madigadi ya nyuma. Vifundo vya miguu, shona utepe wa kitambaa wenye reflekta juu ya ukanda wa lastiki, uvae juu ya suruali. Unazuia pia upindo usiliwe na cheni, kwa hivyo umepata faida mbili. Kabla ya kubandika chochote, safisha chuma kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kaushe kabisa. Ukibandika juu ya grisi utaukuta utepe wako barabarani Guraya.

Kwa nini fulana ya kijani-manjano ilishindwa vile? Rangi zile hung'aa kwa sababu hupokea miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kuigeuza kuwa mwanga unaoonekana. Mchana na wakati wa machweo zinafanya kazi ya ajabu. Jua likishatoweka, taa za gari hazina miale hiyo ya kutosha, na fulana inageuka kuwa nguo tu ya rangi isiyoeleweka. Inayookoa usiku ni ile mikanda ya fedha iliyoshonwa juu yake, na mikanda hiyo ikifuliwa mara nyingi hufa. Chukua tochi usiku, ishike karibu na jicho lako, mulika fulana yako kutoka mbali. Isipokurudishia mwanga mkali, ni ya kufagilia. Wala usiivae kisha ukabeba begi jeusi mgongoni.

Kuhusu mavazi yetu, kanzu nyeupe ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mwanga wowote unaoiangukia inaurudisha kiasi. Upindo wake ukunjwe ufungwe kiunoni, maana cheni haijui sunna. Dada zetu wanaoendesha na buibui wana shida kubwa zaidi, kwa sababu kitambaa cheusi humeza mwanga wote. Utepe wa vifundoni na mkanda wa reflekta unaovaliwa begani kwenda kiunoni, juu ya buibui, unatosha, na hauharibu sitara ya mtu. Na tukumbuke upande wa pili: wewe mwenye baiskeli ndiye unayeweza kumgonga mama aliyevaa buibui anayevuka King'orani baada ya Isha. Naye hana taa.

Nirudi kwa dereva anayekuja nyuma yako. Ana macho mazima, hajalewa, anakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mjini. Kila sekunde anakula mita 14. Tangu aone kitu mpaka mguu wake uguse breki, sekunde moja na nusu imekwenda, yaani mita 21, na gari halijaanza hata kupungua. Kwenye lami kavu ataongeza mita nyingine 14 hivi ndipo asimame. Hesabu mita 35 kwa hatua zako kuanzia mlangoni kwako, uone ni mbali kiasi gani. Anatakiwa akutambue ukiwa mbali kuliko hapo.

Haya ni ya vifaa. Mwendo nao ni ushauri mwingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Usiendeshe kinyume. Najua njia ya mkato, najua wengine wote wanafanya, najua pia ile hoja kwamba "bora nimwone anayenijia". Gari linalotoka kichochoroni kuingia barabara kuu linatazama upande ambao magari yanatoka. Wewe unatokea upande mwingine, usiku, na reflekta yako nyekundu imetazama nyuma ambako hakuna mtu. Umejivua kila kitu nilichokueleza.

Usibane magari yaliyoegeshwa. Acha nafasi ya mlango mzima, hatua moja kubwa na ziada. Madereva watapiga honi kwamba umeingia barabarani, waache wapige. Anayepiga honi amekuona. Gari lililoegeshwa likiwa na taa za ndani zimewaka, au magurudumu ya mbele yamekunjwa, au breki zake zimewaka nyekundu halafu zikazima, kuna mtu ndani anakaribia kufanya jambo.

Mabasi ya Mwembe Tayari yana tabia zao. Jioni, kabla ya safari za usiku, huingia na kutoka kwenye maegesho kwa kurudi nyuma, makanga akipiga bati na kusema "njoo, njoo, njoo". Makanga anamwelekeza dereva asigonge ukuta. Wewe hauko kwenye hesabu yake. Kamwe usipite nyuma ya basi linalorudi, wala usijipenyeze kushoto kwake linapoelekea kukata kushoto. Shuka, simama, subiri, hata kama unachelewa. Na masikio yawe wazi. Mwenye visikizio masikioni Mwembe Tayari amejitoa uhai kwa ajili ya wimbo.

Taa za mbele za gari zikikupiga usoni, usizitazame. Peleka macho ukingo wa kushoto wa barabara, punguza mwendo, fuata ukingo huo mpaka lipite.

Ukivuka Barabara ya Digo na kuingia Mji wa Kale, sheria zinabadilika. Ndia Kuu, Kibokoni, Kuze: huku magari ni machache na taa kali ni fedheha. Ukimulika uso wa mzee aliyekaa barazani na kahawa yake, utasikia. Hatari ya huku ni kona. Kuta ziko karibu, baraza zimejitokeza, na anayetoka mlangoni anatokea mbele ya gurudumu lako bila tangazo. Mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe watoto wamejaa vichochoroni mpaka usiku wa manane. Taa yako ya mbele ishushe, mwendo uwe wa mtu anayetembea haraka, na utegemee kengele na mdomo. Mahamali wa mkokoteni walitufundisha zamani neno la kutosha: "Simile! Simile!" Ukikaribia kona lipige kabla hujafika, si ukiwa umeshafika. Kengele isiyolia kwa sababu ya kutu, tone moja la mafuta ya cherehani litaiamsha.

Kuta nyeupe za Mji wa Kale husaidia. Kivuli cheusi mbele ya ukuta mweupe kinaonekana hata bila taa. Hata nje ya Mji wa Kale, kaunti ilipoamuru mwaka 2018 majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na mapambo ya buluu, watu walinung'unika kuhusu gharama. Sijasikia hata mmoja aliyesema kwamba mwenye baiskeli amefaidika, lakini kidogo amefaidika, kule ambako rangi haijachakaa. Waliojaaliwa kweli ni paka. Paka wa Kibokoni wana reflekta mbili za kuzaliwa, zinawaka hata kwenye tochi ya simu, na bado wanavuka bila kutazama. Wapishe.

Masika ni sura nyingine, na sitairefusha. Lami ikilowa, kila taa inakuwa mbili, moja juu na moja chini, na dimbwi linaficha shimo. Breki za mpira zikilowa hazishiki mpaka gurudumu lizunguke mara kadhaa, kwa hivyo anza kubana mapema. Kwenye mvua kubwa ya usiku wa Aprili mimi huipandisha baiskeli kwenye mkokoteni au naiacha kwa jamaa. Hakuna aibu.

Mwisho, jaribio nililolifanya mimi, na ambalo halina gharama ila kahawa. Nilipomaliza kubandika tepe zangu zote nilimwomba jirani yangu akae kwenye benchi la muuza kahawa ng'ambo ya barabara, saa moja na nusu usiku. Nikaenda mbali, nikageuka, nikampitia mara mbili, kwenda na kurudi, bila kumwambia nitatokea upande gani. Kisha nikaja kukaa naye.

"Haya, umenionaje?"

"Mara ya kwanza nimeona miguu tu," akasema, huku akipuliza kikombe. "Miguu inakuja, inapanda inashuka, mwenyewe sijui ni nani. Wewe nimekuona baadaye sana."

"Na nyuma?"

"Nyuma taa yako imelegea. Yamulika chini, yamulika tairi."

Nikainama nikatazama. Kweli ilikuwa imelegea. Mashimo ya Mwembe Tayari yalikuwa yameishusha. Fundi alikuwa ameshafunga, kwa hivyo nikakata kipande cha tyubu kuukuu, nikakizungusha mara tatu, nikaikaza.